Hitilafu za Umeme Nyumbani na Kwenye Gari: Ugonjwa wa Viungo

Hitilafu nyingi za umeme, ziwe za nyumbani au za gari, hazianzii ndani ya kifaa wala katikati ya waya. Huanzia pale waya unapokutana na kitu kingine: kwenye skrubu ya soketi, kwenye holda ya taa, kwenye kibano cha betri, chini ya boliti inayoshika waya wa erthi kwenye bodi ya gari. Waya wa shaba uliofunikwa vizuri unaweza kulala ukutani miaka mingi bila kudai chochote. Kiungo hakina uvumilivu huo. Umeme mwingi ukipita, kiungo hupata joto na kutanuka. Ukizimwa, hupoa na kusinyaa. Skrubu hulegea kidogo kidogo, unyevu huingia, shaba hushika kutu ya kijani, na njia ya umeme inazidi kuwa finyu.

 Hesabu moja inatosha kuonyesha hivyo. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230, ambao ndio wa majumbani Tanzania, huvuta takriban ampea 8.7. Kiungo cha soketi kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, mkondo huo ukipita hapo huzalisha joto la takriban wati 38, na joto hilo lote hukusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole. Nguvu hiyo inakaribia ya chuma cha kuyeyushia risasi ambacho mafundi redio hukitumia mezani. Birika lenyewe halionyeshi dalili yoyote: limepoteza volti nne na kitu, maji yanachemka kama kawaida. Breka nayo haikatiki, kwa sababu ampea hazijazidi. Breka huwekwa kulinda waya dhidi ya mkondo mkubwa. Haioni kiungo kinachoungua ndani ya soketi. Ndiyo maana moto wa umeme huweza kuanza katika nyumba ambayo kila breka iko sawasawa.

Nusu omu hiyohiyo ikihamia kwenye kibano cha betri ya gari, matokeo yanageuka kabisa. Betri ni ya volti 12. Hata kama kila kitu kingine ni kizima, kizuizi cha nusu omu hakiruhusu zaidi ya ampea 24 kupita, ilhali stata ya gari dogo la petroli huhitaji ampea mia na zaidi ili kuizungusha injini. Dereva anawasha, kunasikika “tak”, kisha kimya. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, maana hivyo vinahitaji ampea chache. Betri inahukumiwa, mpya inanunuliwa, vibano vinakwanguliwa wakati wa kuifunga, na gari linawaka. Mwenye gari anaondoka akiamini betri ya zamani ilikuwa imekufa.

Basi kazi ya kutafuta hitilafu ni kupima kabla ya kubadilisha. Vifaa vinavyohitajika si vingi: multimita ya kawaida, testa ya bisibisi, na kwa gari, taa ndogo ya kujaribia yenye waya wa kubana kwenye bodi. Testa ya bisibisi inafaa kuonyesha kwamba umeme upo, lakini isitegemewe kuthibitisha kwamba haupo. Taa yake ni dhaifu na inaweza isionekane juani, na pengine huwaka kwa umeme hafifu unaorukia waya uliokufa kutoka kwa waya hai ulio jirani nao. Fundi makini hupima mara tatu: kwanza mahali panapojulikana kuwa pana umeme, kisha pale anapotaka kufanyia kazi, kisha anarudi pale pa kwanza kuhakikisha kipimo chake hakijafa katikati ya kazi. Kabla ya hapo mein swichi imeshazimwa, na kama kuna watu wengine nyumbani, wameambiwa wasiiguse. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi hata kwa kubadilisha holda, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Nyumbani, swali la kwanza ni ukubwa wa tatizo. Umeme ukikatika nyumba nzima, iangaliwe kama majirani wanao, kisha mita ya LUKU kama uniti zimebaki, kisha mein swichi. Ukikatika chumba kimoja au soketi za upande mmoja, iangaliwe breka ya njia hiyo. Kikizimika kifaa kimoja, kijaribiwe kwenye soketi nyingine, na kama plagi yake ni ile ya pini tatu za mstatili, ifunguliwe fyuzi iliyo ndani yake. Fyuzi hiyo huwa ya ampea 13 au ampea 3. Kifaa kisichozidi wati 700, kama taa ya meza au televisheni, kinatosheka na ya ampea 3. Wengi huweka 13 kila mahali, na wengine huweka kipande cha waya au msumari, jambo linaloiondolea kebo ya kifaa kinga yake yote.

Breka inayokatika inasema jambo fulani kwa namna inavyokatika. Breka ya ampea 16 hubeba wati 3,680. Jiko la koili la wati 2,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vikiwashwa pamoja kwenye njia moja hufikia karibu ampea 23. Breka haikatiki papo hapo, huchukua dakika kadhaa au zaidi. Hapo mzigo umezidi, na dawa ni kuugawa, si kuweka breka kubwa. Soketi nyingi hufungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na taa kwa 1.5; breka ya ampea 32 ikiwekwa kulinda waya wa 1.5, waya ndio utakaoungua kwanza. Breka inayokatika kwa mlio, na ikirudishwa inakatika tena palepale, inaonyesha kwamba laivu imegusana na nyutro au erthi.

Kuitafuta hitilafu hiyo ni kazi ya kugawa. Vifaa vyote vya njia hiyo vichomolewe, kisha breka irudishwe. Ikikaa, virudishwe kimoja kimoja. Kitakachoiangusha breka ndicho kibovu. Isipokaa hata bila kifaa, tatizo liko kwenye nyaya: boksi la maungio darini lililovujiwa, taa ya ukuta wa nje iliyojaa maji baada ya mvua, waya ulioguguniwa na panya, au msumari wa kutundikia picha uliopigwa juu ya swichi, pale pale waya unapopanda.

Breka ya uvujaji, ambayo mafundi huiita RCD, ina tabia yake. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifikia miliampea 30 hukata. Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Breka nyingi ndogo hukata laivu tu. Nyutro inabaki imeungwa. Nyutro ikigusa erthi mahali fulani, RCD inaweza kuanguka ingawa breka ya njia hiyo imezimwa, na fundi anahangaika na njia nzima zisizo na kosa. Nyutro ya kila njia inapaswa kufunguliwa kwenye ubao wa breka na kupimwa dhidi ya erthi. Waya mzima husoma zaidi ya megaomu 1 kwa kipimo cha volti 500, kipimo ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukifanya. Kuifunga RCD pembeni ili “isisumbue” ni kosa kubwa kuliko hitilafu yenyewe: kifaa hicho ndicho kinachomtenganisha mtoto anayegusa friji linalovuja na kifo.

Dalili nyingine ya kutazamwa kwa karibu ni ile ya soketi isiyowasha kitu ingawa testa inawaka kwenye matundu yote mawili, la laivu na la nyutro. Wengi husema umeme “umeingia kinyume”. Kilichotokea ni kwamba nyutro imekatika njiani, na kuna kifaa kilichowashwa mahali fulani. Umeme wa laivu unapita ndani ya kifaa hicho, unatokea upande wa pili na kukosa pa kurudi, kwa hiyo waya wa nyutro wote uliobaki nyuma ya mkato unakuwa na umeme. Kifaa kinaonekana kimekufa, na nyaya zote mbili zinaweza kuua. Mkato hutafutwa kutoka kwenye soketi ya mwisho inayofanya kazi hadi ya kwanza isiyofanya kazi; karibu kila mara uko katika mojawapo ya hizo mbili.

Nyutro ikikatika nje, kwenye laini ya fezi tatu, hatari inaenea mtaa mzima. Kati ya fezi na fezi kuna takriban volti 400, na bila nyutro nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinagawana volti hizo kulingana na mizigo yao. Nyumba moja taa zinafifia, nyingine zinang’aa kupita kiasi, kisha televisheni, friji na chaja zinaungua. Taa zikianza kung’aa kuliko kawaida, mein swichi izimwe mara moja, kwanza ya kwako kisha wajulishwe majirani, ndipo ipigwe simu ya dharura ya shirika la umeme. Hakuna la kurekebisha ndani ya nyumba.

Taa inayocheza yenyewe ni kisa chepesi zaidi. Ikicheza moja, ni balbu au holda. Zikicheza kadhaa, ni kiungo kinachozilisha pamoja. Zikififia zote kwa nukta moja friji linapoanza, mara nyingi ni laini ndefu au nyembamba inayoleta umeme. Balbu ya LED inayobaki ikimulika hafifu baada ya swichi kuzimwa inastahili kuchunguzwa. Pengine ni umeme kidogo unaorukia waya wake kutoka kwa waya jirani, jambo lisilo na madhara. Lakini pengine fundi aliipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Hapo holda ina umeme muda wote, swichi iwe imewashwa au imezimwa, na anayebadilisha balbu juu ya kiti hujua hivyo kwa kurushwa chini.

Rangi za nyaya nazo zisiaminiwe bila kupima. Nyumba za zamani zilifuata utaratibu wa Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani erthi. Utaratibu mpya ni kahawia laivu, bluu nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa erthi. Katika kebo mpya za fezi tatu, nyeusi ni mojawapo ya fezi. Nyumba iliyoongezwa vyumba miaka ya karibuni inaweza kuwa na nyeusi mbili, moja salama na nyingine yenye umeme kamili.

Shawa ya umeme inayotekenya mkono unapofungua bomba haipaswi kutumiwa tena hata siku moja. Koili yake imeanza kuvujisha umeme kwenye maji, na erthi ama haipo ama haifanyi kazi. Katika nyumba nyingi waya wa kijani upo, umefungwa vizuri kwenye kila soketi, lakini ukifuatwa hadi nje unaishia kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa kwenye udongo mkavu au kifusi, au kibano chake kimeoza, au fimbo ilishang’olewa na wauza vyuma chakavu. Erthi isiyofika ardhini ni waya tu. Ipimwe na fundi mwenye kipimo chake, hasa mwishoni mwa kiangazi, wakati udongo una ukinzani mkubwa kuliko wote.

Kwenye gari, ardhi ni bodi yenyewe. Umeme hutoka betri kwa waya, hupita kwenye taa au mota, kisha hurudi betri kupitia chuma cha gari. Kwa hiyo nusu ya njia ya kila taa haionekani kama waya, na huko ndiko hitilafu hujificha. Dereva anakanyaga breki, taa ya breki inawaka hafifu, na papo hapo indiketa au taa ndogo ya upande uleule inamulika pamoja nayo. Balbu hazina kosa. Erthi ya taa hiyo ya nyuma imekatika, na umeme unatafuta pa kurudi kupitia balbu jirani. Boliti ya erthi ifunguliwe, rangi na kutu vikwanguliwe kwa msasa hadi chuma king’ae, ifungwe na kupakwa grisi. Katika magari mengi ya Toyota waya wa erthi ni mweupe wenye mstari mweusi, na kuufuata hadi bolitini kunaokoa muda mwingi. Indiketa inayopepesa kwa kasi kuliko kawaida kwa kawaida maana yake balbu moja ya upande huo imeungua.

Gari lisilowaka lianze kupimwa betri kabla ya kingine chochote. Ikiwa imepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, 12.2 ni nusu. Chini ya 11.9 imekwisha. Kipimo cha pili ndicho chenye siri. Ncha moja ya multimita iguse nguzo ya risasi ya betri, nyingine iguse kibano kinachoishika nguzo hiyo, sentimita moja tu kutoka pale, na msaidizi awashe stata. Kiungo kizima husoma karibu sifuri. Kikisoma volti moja au mbili, volti hizo zinapotea hapo hapo, kati ya risasi na kibano, ingawa kwa macho vinaonekana vimeshikana. Kisha ipimwe nguzo ya hasi dhidi ya injini yenyewe. Ikizidi nusu volti wakati stata inazunguka, waya wa erthi wa injini ni mbovu au umelegea. Betri yenyewe ikishuka chini ya takriban volti 9.6 huku stata ikihangaika, hapo sasa betri inaweza kulaumiwa.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vibano huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi soda, kisha nguzo na kibano vikwanguliwe ndani. Kibano cha hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho. Utaratibu huo una sababu: spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya, na hasi bado imefungwa, betri nzima inapita kwenye spana. Kwa sababu ya aina hiyo, gari likibustiwa kwa waya, waya mweusi wa mwisho hushikizwa kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, ili cheche isiwashe gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri.

Injini ikishawaka, altaneta inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye betri, hata taa na feni vikiwa vimewashwa. Ikibaki 12 na kushuka, haichaji: uangaliwe mkanda, plagi ya nyuma ya altaneta na waya mnene unaokwenda betri kabla ya kuifungua. Ikipanda juu ya 15, kidhibiti chake kimeharibika na betri itachemka. Baadhi ya mafundi hujaribu altaneta kwa kuchomoa kibano cha betri injini ikiunguruma. Kwa gari la kabureta la zamani jaribio hilo lilivumilika; kwa gari lenye kompyuta, betri ikiondolewa ghafla volti hupaa kwa sehemu ya nukta na kuweza kuiunguza kompyuta hiyo. Fundi anayenyoosha mkono kufanya hivyo azuiwe.

Betri inayolala nzima na kuamka imekufa hunyonywa usiku. Ammita iwekwe kati ya nguzo ya hasi na kibano chake, milango ifungwe, gari liachwe nusu saa kompyuta zilale. Kisomo cha chini ya miliampea 50 ni cha kawaida. Kikisoma nusu ampea, betri ya ampea-saa 50 imepoteza nusu ya nguvu zake kwa siku mbili. Fyuzi zichomolewe moja moja hadi kisomo kishuke. Fyuzi iliyokishusha ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi huwa ni taa ya buti isiyozimika, au redio na alamu zilizofungwa baadaye kwa kusokota waya na kuzungushia tepu.

Fyuzi za gari zina rangi: nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyoungua ibadilishwe kwa rangi ileile. Karatasi ya pakiti ya sigara au fyuzi kubwa zaidi huhamisha mahali pa kuungua kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi hadi ndani ya fungu la nyaya, nyuma ya dashibodi. Fyuzi inayoungua kila ikiwekwa ina njia nzuri ya kutafutiwa chanzo. Taa ya kujaribia yenye balbu ya wati 21 iwekwe mahali pa fyuzi. Waya ukiwa umegusa bodi, taa inawaka kwa nguvu zote. Fungu la nyaya litikiswe hatua kwa hatua, kwenye mpira wa mlango, chini ya kiti, karibu na ekzosi. Taa itakapofifia au kuzimika, waya uliochubuka uko mkononi.

Yapo mawili yasiyo ya kujaribiwa nyumbani. Nyaya na soketi za njano chini ya usukani na viti katika magari mengi ni za mifuko ya hewa, na taa ya kujaribia inaweza kuifyatua. Nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya haibridi hubeba umeme wa volti za juu sana, na hubaki na umeme kwa muda hata gari likizimwa. Zisitobolewe, zisikatwe, wala zisifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa fundi aliyefunzwa magari hayo na mwenye glavu zake.